Afande Mkali na Afande Mpole

Jioni wajukuu wakinizunguka chini ya mwembe hapa Tabora, swali haliishi: "Babu, kati ya wale wakufunzi wako wawili wa urubani jeshini, yupi alikuwa bora?"

Wa kwanza alikuwa mkali kama pilipili. Ukiruka hatua moja ya ukaguzi, unaanza upya mbele ya wenzako, jua la utosi. Nidhamu yangu ni kazi yake.

Wa pili hakupaza sauti. Siku moja, tukiwa juu sana, aliniambia nivute usukani taratibu. Pua ikapanda, kasi ikaisha, ndege ikaanza kutetemeka mwili mzima. Mikono ikaniganda. Yeye hakunipokonya usukani. Alinyoosha kidole kimoja mbele. "Shusha pua, kijana. Bawa linataka upepo." Nikasukuma, nikaongeza nguvu ya injini, mtetemo ukakoma. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba bawa likiinuliwa mno dhidi ya upepo huacha kubeba, hata injini ikiunguruma vizuri kabisa.

Somo hilo lilinifaa hapa hapa Tabora, takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Oktoba hewa ni nyepesi, ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kupaa, na rubani mwenye pupa huvuta pua mapema.

Kwa hiyo namchagua mpole, bila kusita. Lakini mpaka leo siwashi gari kabla ya kulizunguka na kugusa kila tairi, na hapo namkumbuka yule mkali kwa mapenzi yote.