Nimeambiwa nimekunywa bia ambayo haikuwemo kwenye kopo

Naandika haya nikiwa bado na hasira, mtanisamehe.

Mimi ni mtu wa chupa tangu nianze kunywa bia, na sababu yangu ni moja tu: chupa unaiona ndani. Unainyanyua, unaielekeza kwenye taa, unaona kama bia imefika shingoni au haijafika. Lakini siku hizi wenzangu karibu wote wamehamia kwenye kopo. Friji zimejaa makopo, chupa zimesukumwa pembeni. Nikasema basi, na mimi nijaribu. Nikanunua pakiti ya makopo sita.

Kopo la kwanza lilikuwa safi, sina neno. La pili ndilo lililoniharibia wiki nzima. Nilipolinyanyua tu mkono ukapaa juu, kama unaponyanyua ndoo uliyodhani imejaa maji kumbe tupu. Nikavuta pete. Ile sauti ya pssss sikuisikia. Nikamimina kwenye glasi, ikaishia katikati, imelala, haina povu wala gesi. Nikalipindua kopo. Chini, pale kwenye ule mduara wake, palikuwa pananata, na pembeni kidoa cheupe cha chumvichumvi, kidogo kama kichwa cha pini. Hapo ndipo bia ilipokuwa inatokea, tone kwa tone, pengine tangu ghalani.

Nikarudi dukani na kopo langu mkononi. Sikwenda kugombana. Nilimwambia yule kijana wa kaunta, "Mdogo wangu, kopo hili lilikuwa linavuja, naomba unibadilishie." Hata kuligusa hakuligusa. Akaniangalia mimi, akaangalia kopo, akasema, "Kaka, hili umelifungua. Nitajuaje kama hukunywa?"

Watu walikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Mtu mzima naambiwa nimekunywa bia, halafu nimetembea mpaka dukani kudai nyingine. Nikamwonyesha kile kitundu. Akasema hakioni. Nikamwambia apitishe kidole chini, pananata. Akasema makopo yote hunata. Mwisho akanipa sheria yao: lililofunguliwa halirudi.

Nikaenda nyumbani, nikatoa mizani ya jikoni. Kopo la mililita 330 likijaa, ukijumlisha na bati lenyewe, linapaswa kuwa na gramu 345 au zaidi kidogo. Yaliyobaki yalikuwa manne. Matatu yakasoma hapohapo. La nne, lililokaa ubavuni kwa lile bovu ndani ya pakiti, lilisoma gramu 290 na kidogo. Halijafunguliwa, pete iko mahali pake. Nikafurahi kabisa, nikajua sasa ninao ushahidi.

Nikarudi. Yuleyule. Nikamwekea kopo juu ya kaunta na lingine zima kando yake, nikamwambia, "Shika hili, shika na hili." Alishika. Najua alisikia tofauti, maana mkono wake nao ulipaa, nilimwona. Akayarudisha juu ya kaunta, akasema, "Kaka, hili halijafunguliwa. Kopo lisilofunguliwa limejaa."

Nisaidieni hapo. Ukilifungua, umekunywa wewe. Usipolifungua, limejaa. Sasa mteja wa bia ya kopo anadai haki yake kupitia mlango gani? Nikalibonyeza kwa dole gumba mbele yake, kwa sababu kopo zima lina gesi inayosukuma kutoka ndani, halibonyei kirahisi. Lile likabonyea kama boksi la maziwa. Akasema, "Ona sasa, umeliharibu mwenyewe." Nikaliacha palepale kaunta nikaondoka. Ningekaa dakika moja zaidi ningesema maneno ambayo sisemi mbele za watu.

Usiku ule niliapa sinunui tena bia ya kopo. Ukuta wa kopo la bia una unene wa kama milimita 0.1, sawa na unywele mnene wa kichwani. Sanduku likisuguana njiani, au kopo moja likitoboka na bia yake ikalowanisha la jirani, bati linaanza kulika taratibu. Ndiyo maana yangu mabovu yalikuwa yamekaa ubavu kwa ubavu. Kosa la aina hii huwezi kuliona kwa macho, na muuzaji anajua huwezi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko bia yenyewe.

Sasa nitasema jambo ambalo sikutaka kulisema. Siku chache baadaye nilikuwa kwa rafiki, nikaomba bia ya chupa kwa makusudi, tena kwa sauti ili wasikie. Akanipa ya chupa ya kijani. Zilikuwa zimepangwa dirishani, na jua la mchana lilikuwa linazipiga. Nilipofungua kizibo, kabla sijaonja, harufu ilinipiga puani: kicheche kabisa. Rafiki yangu akasema labda kiwanda kilikosea. Hakikukosea. Mwanga ukipiga bia, ule uchungu unaotoka kwenye hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, unavunjika na kuzaa kitu cha salfa chenye harufu hiyohiyo. Chupa ya kahawia inazuia sehemu kubwa ya mwanga, ya kijani inazuia kidogo, ile nyeupe ndiyo haizuii karibu chochote, juani dakika chache zinatosha. Kopo halipitishi mwanga hata chembe. Na kizibo cha chupa, hata kikiwa kizuri, hewa hupenya kidogokidogo kadiri miezi inavyokwenda, wakati mfuniko wa kopo umekunjwa pamoja na bati lenyewe.

Nikalazimika kukubali kwamba lile kopo langu la kwanza, zima, lilikuwa na bia mbichi kuliko chupa nyingi nilizowahi kunywa. Baridi lilishika haraka, halivunjiki, jepesi kubeba. Wanaosema lina ladha ya bati, wamimine kwenye glasi kwanza ndipo waseme. Ndani lina ngozi nyembamba ya plastiki, bia haigusani na bati. Jambo hilo walilitatua zamani sana: bia ya kopo ilianza kuuzwa Richmond, Virginia, mwezi Januari 1935, na wakati huo tayari walikuwa wanapaka ndani. Ila jina baya la bia ya bei nafuu lilibaki nayo miaka mingi, mpaka viwanda vidogo vya Marekani, kama Oskar Blues wa Colorado mwaka 2002, vilipoanza kutia bia zao nzuri kwenye kopo. Nadhani hapo ndipo watu walipoacha kuona aibu kulishika.

Kwa hiyo kopo lenyewe nalipa nyota nne. Nilitaka kulipa moja, nimefuta mara mbili. Duka silipi hata hiyo moja. Kopo linatengenezwa kwa mamilioni, lazima machache yatatoboka, silaumu. Ninachotaka ni mtu wa kaunta anyooshe mkono, apime uzito, aseme "pole, chukua lingine." Sekunde tano. Badala yake kijana anayeuza kitu ambacho mteja hawezi kuona ndani yake anamwita mteja mwongo. Chupa isingemruhusu kufanya hivyo. Ningeiweka kaunta, mstari wa bia uko chini ya nembo, foleni nzima inaona. Nikifika hapo natamani nirudi kwenye chupa zangu, kicheche na yote.

Mkienda kununua, msichukue pakiti iliyofungwa bila kuigeuza. Pitisheni kidole chini. Bonyezeni kila kopo taratibu kwa dole gumba, na linalobonyea liacheni hukohuko. Hamtawaudhi wenye duka makini.

Juzi nilipita pale tena, si kununua, nilikuwa namsubiri mtu na mvua ilikuwa inanyesha. Nikafungua friji, sijui kwa nini. Safu ya mbele, kopo la tatu kutoka kushoto, nikalinyanyua. Mkono ukapaa. Nikaligeuza, upande uliokuwa umeelekezwa nyuma, na alama ya dole gumba langu ilikuwepo palepale.