Kaushio la jua kutoka Keko: je, linaifaa familia yenye bustani ya mboga?

Wenye bustani za mboga nyumbani hapa Dar es Salaam wanaijua hali hii: mchicha, majani ya kunde na nyanya hukomaa kwa wakati mmoja, majirani nao wana mboga zile zile, bei sokoni inashuka, na familia inakula mpaka inakinai huku kilichobaki kikiozea tutani. Kwa sisi tunaoamini kwamba mazao ni zawadi ya Mungu, jambo hilo linahuzunisha, kwa kuwa Bwana Yesu, hata baada ya kuwashibisha watu 5,000, aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki ili kisipotee kitu (Yohana 6:12). Kwa nia hiyo familia yetu, inayolima eneo dogo nyuma ya nyumba huko Kibamba, iliagiza kaushio la jua kwa seremala mmoja wa Keko, na sasa kwa kuwa tumelitumia wakati wa kiangazi na wakati wa mvua, ninaweza kueleza linafaa wapi na linashindwa wapi.

Kaushio lenyewe ni kabati la mbao lenye trei nne, lililounganishwa na sanduku refu lililolazwa mshazari, ambalo ndani yake mna bati lililopakwa rangi nyeusi na juu yake kioo. Hewa huingia kwa chini, hupata joto inapopita juu ya bati, hupanda katikati ya trei na kutokea kwenye tundu la juu ikiwa imebeba unyevu. Tulilipa shilingi 350,000, kioo kikiwamo. Yapo makaushio ya bei nafuu zaidi, yaani sanduku lililofunikwa kwa nailoni tu, lakini mboga za majani zinazopigwa na jua moja kwa moja hupauka na kupoteza sehemu kubwa ya karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Ndani ya kabati letu mna giza, na majani hutoka na ukijani wake.

Mama mkwe wangu, ambaye ni Msukuma na amekula nsansa, yaani mboga za majani zilizokaushwa, tangu utotoni, ndiye niliyemtegemea kwa hukumu ya kweli. Tulichuma majani ya kunde asubuhi, tukayaosha, tukayachovya kwa dakika chache katika maji yanayochemka yenye chumvi kidogo ili yasiendelee kubadilika rangi na ladha, kisha tukayatandaza kwenye trei kwa safu nyembamba. Yalipofikia kuvunjika vidoleni yakilia kama karatasi kavu, tuliyaweka katika chupa ya kioo na kuifunga barabara. Siku alipoyaunga kwa karanga, alitafuna taratibu, akasema, “Mwanangu, hizi hazina mchanga.” Anayejua mboga zinavyoanikwa kwenye mkeka uwanjani, kuku wakipita na upepo ukipeperusha vumbi, ataelewa uzito wa sifa hiyo.

Nyanya nazo zilifanikiwa, ila zinahitaji subira. Zaidi ya asilimia 90 ya nyanya ni maji, kwa hiyo ndoo nzima hupungua ikawa kitu cha kujaza kopo, na vipande visipokatwa vyembamba vinavyolingana, vingine hukauka huku vingine vikichacha. Bamia hukauka vizuri kuliko zote.

Kasoro zipo, na si ndogo. Wavu wa trei ulikuwa wa waya wa kawaida, na kwa hewa hii ya pwani, pamoja na maji ya chumvi yaliyokuwa yakichuruzika kutoka kwenye mboga, ulianza kupata kutu mapema, jambo lisilokubalika kwa chombo cha chakula. Tukaubadilisha kwa wavu wa plastiki. Mlango haukubana sawasawa, sisimizi wakapata njia. Isitoshe, unyevu wa usiku wa Dar es Salaam hurudi ndani ya mboga zilizokauka nusu, hivyo lazima trei zitolewe jioni na kufunikwa ndani ya nyumba. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, kaushio halifai kabisa: mawingu yakikaa, mboga huota ukungu kabla hazijakauka, na mboga yenye ukungu ni ya kutupwa, hata kama umechelea hasara.

Faida ambayo sikuitarajia ilionekana kanisani. Katika usharika wetu, Sikukuu ya Mavuno huambatana na mnada baada ya ibada, na kwa miaka mingi mafungu ya mchicha yalikuwa yakifika zamu yake yakiwa yamenyauka, yakauzwa kwa bei ya huruma. Sasa malimbuko ya bustani yetu hupelekwa yakiwa mabichi, lakini pamoja nayo tunapeleka pakiti za mboga kavu, ambazo waumini wanaoishi kwenye nyumba za kupanga zisizo na jokofu huzigombea. Chupa nyingine hutengwa kwa ajili ya wajane wa jumuiya yetu, kwa kufuata agizo la Walawi 19 la kutovuna shamba mpaka pembezoni, na chupa hizo hufunguliwa masika, wakati mvua imelaza bustani na mboga sokoni zimepanda bei.

Kwa familia yenye matuta mawili matatu ya mboga ya kula tu, ungo na chandarua safi kivulini vinatosha. Kwa bustani inayozidi mahitaji ya nyumba, au kwa kikundi cha akina mama wa jumuiya wanaoweza kuchangiana gharama, ninalipendekeza bila kusita. Anayeagiza amwambie fundi mapema atumie wavu wa plastiki na aweke mpira kwenye fremu ya mlango, na aagize mwezi wa Aprili, ili kaushio liwe tayari mvua zitakapokatika.