Rameswaram: mji wa hekalu na visima 22, unaodai siku mbili kamili

Wageni wengi wanaorudi kutoka Rameswaram, kusini mwa India, wakilalamika wamefanya kosa lile lile. Walitoka mji wa Madurai asubuhi kwa gari la kukodi, wakafika kwenye saa 7 mchana, wakakuta mlango wa hekalu unafungwa. Hekalu la Ramanathaswamy hufunguliwa saa 11 alfajiri na kufungwa saa 7 mchana, kisha hufunguliwa tena saa 9 alasiri hadi saa 3 usiku. Anayefika saa 7 ameikosa asubuhi, analiwa na jua saa mbili nzima, na jioni anapanga foleni moja na abiria wa mabasi yote ya siku hiyo. Uzuri wa mji huu uko alfajiri, kwa hiyo lala hapo usiku mbili. Bila hivyo, ni afadhali ubaki Madurai.

Mji uko kwenye kisiwa cha Pamban, pembe ya kusini-mashariki ya jimbo la Tamil Nadu, yapata kilomita 170 kutoka Madurai. Kwa Wahindu ni moja ya vituo vinne vikuu vya hija katika India nzima, na kwa imani yao ndipo mungu Rama alipomwabudu mungu Shiva. Waswahili wengi hufika pande hizi kwa sababu ya hospitali: mtu amekuja Chennai, Vellore au Madurai kwa matibabu, au amemsindikiza mgonjwa, na daktari amempa siku nne za kusubiri majibu. Kwa mtu huyo safari hii inafaa sana, ila lipo onyo moja zito kuhusu visima, litakuja hapo chini.

Kutoka Madurai, gari dogo huchukua saa tatu hadi tatu na nusu, basi kama saa nne. Kutoka Chennai panda treni ya usiku, maana ndiyo inayokufikisha asubuhi mapema na mwili haujachoka. Taarifa nyingi za zamani zinasema treni inaishia Mandapam, upande wa bara. Ilikuwa hivyo tangu Desemba 2022, daraja la reli la mwaka 1914 lilipofungwa kwa uchakavu. Daraja jipya lilifunguliwa tarehe 6 Aprili 2025, na treni zinaingia kisiwani tena. Lina urefu wa zaidi ya kilomita mbili, na kipande cha meta 72.5 hunyanyuliwa wima, mithili ya lifti, meta 17 juu ili meli zipite. Lile la zamani lilikuwa likifunguliwa na wafanyakazi kwa mikono, wakisukuma nondo. Ukiwa kwenye treni, sogea mlangoni kabla ya kufika darajani: maji yako pande zote mbili na treni huenda taratibu.

Sasa hekalu lenyewe. Shoroba zake ndizo kivutio kisichohitaji imani yoyote ili ukiheshimu. Ushoroba wa nje una nguzo zaidi ya 1,200, zimesimama juu ya vibaraza vya mawe, na ukikaa kwenye pembe moja ukatazama mbele, nguzo zinazidi kupungua hadi mwisho wake huuoni vizuri. Kinachoshangaza ni kwamba kisiwa hiki ni mchanga na matumbawe, hakina jiwe gumu la kuchonga. Yote haya yaliletwa. Sehemu kubwa ya ushoroba huo ni kazi ya karne ya 18, chini ya watawala wa Ramanathapuram walioitwa Sethupathi, yaani walinzi wa daraja, lile la hadithi ambalo Rama alivukia bahari hadi Lanka. Picha haziruhusiwi, na simu haziingii kabisa. Kuna kaunta ya kuziacha nje, kama ilivyo kwa viatu. Kama hutaki foleni ya kaunta, iache simu chumbani.

Asiye Mhindu haruhusiwi kuingia patakatifu pa ndani, zilimo linga mbili, yaani nguzo fupi za ibada zinazomwakilisha Shiva: ile ya mchanga ambayo kwa imani aliifinyanga Sita, mke wa Rama, na ile aliyoileta Hanuman, mungu mwenye sura ya nyani. Usibishane na mlinzi wala usimfuate mtu anayekwambia ana njia yake. Shoroba zinatosha, na hakuna unachopunjwa. Mhindu anayetaka kuiona linga ya fuwele inayotolewa alfajiri awe mlangoni hekalu likifunguliwa, kwa sababu kwenye saa 12 huwa imekwisha kurudishwa.

Visima ndiyo sababu ya safari kwa mahujaji walio wengi. Viko 22 ndani ya hekalu, vingine vipana kama bwawa dogo, vingine vyembamba vya kuingia ndoo moja tu. Utaratibu wake ni huu. Kwanza unajitosa baharini Agni Theertham, ufuo ulio mita mia moja hivi mashariki ya hekalu. Bahari hapo ni tulivu na haina kina, hata mtoto anasimama. Kisha, ukiwa umelowa hivyo hivyo, unaingia hekaluni, unakata tiketi rasmi ambayo kwa miaka imekuwa rupia 25 kwa mtu, na unafuata namba zilizoandikwa: kisima cha kwanza, cha pili, hadi Koti Theertham, kisima cha mwisho ambacho maji yake hubebwa nyumbani. Kwenye kila kisima yuko mtu amesimama ukingoni na ndoo ya kamba. Anaitupa chini, anaivuta mara mbili tatu, na kabla hujakaa sawa maji yamekwisha kukumwagikia kichwani. Yaonje kwa ncha ya ulimi: kimoja kina chumvi kidogo, jirani yake baridi na laini, na vimepishana hatua chache tu.

Siku ya kawaida, mzunguko wote ni saa moja na nusu hadi mbili. Siku za mwezi kufa, hasa ule wa Julai au Agosti na ule wa Januari au Februari, zidisha mara kadhaa, maana maelfu huja kuwaombea marehemu wao. Siku hizo na usiku wa Shivaratri, sikukuu ya Shiva, ziepuke, isipokuwa kama ndizo hasa ulizozijia.

Mambo huharibika hapa kwa sababu tatu. Ya kwanza ni sakafu: jiwe limelainika kwa nyayo za miaka na lina maji muda wote, kwa hiyo wazee washikwe mkono kila kona. Ya pili ni nguo. Jinzi ikilowa inakuwa mzigo na haikauki hadi jioni, na kitambaa cheupe chepesi kinakuvua heshima. Kanga mbili za rangi iliyokoza au kikoi juu ya nguo ya ndani ya pamba ndiyo mavazi bora kabisa, na wenyeji hawatakushangaa, kwani wao wenyewe wanafunga shuka kiunoni. Beba nguo kavu kwenye mfuko wa plastiki, kwa kuwa mwenye nguo zilizolowa haruhusiwi kwenye foleni ya patakatifu mpaka abadilishe. Ya tatu ni watu wanaokusimamisha barabarani wakikuuzia mzunguko wa haraka kwa bei mara kumi ya tiketi. Ndoo ya kisima ni ile ile. Nunua tiketi dirishani, basi.

Onyo lenyewe ni hili: mtu aliyefanyiwa upasuaji wa jicho, na Madurai wako wengi, asimwagiwe maji ya kisima hata kimoja mpaka daktari wake aseme. Vivyo hivyo mwenye kidonda au mshono mbichi. Maji haya yanapita vichwani mwa watu elfu kwa siku. Akae ushorobani, awatazame wenzake.

Kasoro inayouma zaidi iko Agni Theertham. Baadhi ya mahujaji huziacha nguo zao kuukuu baharini, na zinazunguka miguuni mwa anayefuata kama mwani. Nenda mapema, kabla ufuo haujajaa, na vaa kandambili hadi ukingoni mwa maji.

Siku ya pili ni ya Dhanushkodi, mwisho wa ulimi wa mchanga, karibu kilomita 20 kutoka hekaluni. Ulikuwa mji wenye stesheni, posta na kanisa, na meli za kwenda Talaimannar, Sri Lanka, zilianzia hapo. Usiku wa tarehe 22 kuamkia 23 Desemba 1964 kimbunga kiliufuta, pamoja na treni ya abiria iliyokuwa inaingia. Hakupona mtu ndani yake. Serikali ikatangaza kuwa pale hapafai kukaliwa. Mswahili wa pwani akizisogelea kuta za lile kanisa atazitambua mara moja, kwa sababu ni matumbawe, na ndani ya jiwe unaona vijitundu na maua ya mdudu wa bahari kama kwenye magofu ya Kilwa au Gedi. Familia za wavuvi bado wanaishi kwenye vibanda kando yake. Barabara ya lami inaendelea hadi Arichal Munai, ncha kabisa. Usiogelee hapo, maana mikondo ya bahari mbili inakutana na mchanga unakatika ghafla chini ya mguu. Magari huondolewa kabla ya giza, hivyo toka mjini si zaidi ya saa 8 mchana, au nenda alfajiri. Kivuli hakuna, maji ya kunywa beba mwenyewe. Bajaji zinafika, lakini patana bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kwa pamoja kabla hujakaa. Dereva muite «anna», yaani kaka, na mazungumzo yatalainika.

Njiani kurudi, simama kwenye nyumba aliyokulia A.P.J. Abdul Kalam, mtaa wa msikiti. Huyu alizaliwa hapa mwaka 1931 katika familia ya Kiislamu, baba yake akiwa na mashua ya kuvusha mahujaji wa Kihindu, na akaja kuwa mwanasayansi wa roketi na Rais wa India kuanzia 2002 hadi 2007. Ngazi ni nyembamba, vyumba vidogo, na kaburi lake liko Pei Karumbu, nje kidogo ya mji.

Chakula karibu na hekalu ni cha mboga tupu, tena kizuri. Dosa ni ndugu wa chila. Paniyaram huchomwa kwenye chuma chenye vishimo sawasawa na chuma cha vitumbua, ila humo hutiwa vitunguu na pilipili. Chatne ya nazi haihitaji tafsiri. Mchuzi wa sambar ni mbaazi zilizobanguliwa, na India hununua mbaazi kwa wingi kutoka Tanzania, basi huenda unakula za nyumbani. Samaki wapo, lakini toka mitaa ya hekalu.

Majira mazuri ni Januari hadi mwanzoni mwa Machi. Oktoba hadi Desemba upepo wa kaskazini-mashariki, ndugu wa kaskazi yetu, hushusha mvua kubwa upande huu, na vimbunga pia huja wakati huo. Aprili na Mei jiwe la hekalu huchoma nyayo. Beba noti ndogo ndogo, kwani maduka mengi hupokea malipo ya simu ya benki za India, ambayo wageni wengi hawana. Anayetoka Afrika Mashariki moja kwa moja awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, aliyochanjwa angalau siku 10 kabla. Bila hicho anaweza kuzuiliwa karantini hadi siku sita. Tiketi za treni hufunguliwa siku 60 kabla, na za kurudi Chennai Jumapili usiku ndizo zinazoisha kwanza, kwa hiyo kata ya kurudi kabla ya ile ya kwenda.