Injini ya kuvuta maji kwenye fremu ya Boxer: uzoefu wangu wa miezi minane

Injini niliyofunga kwenye pikipiki yangu ya Boxer ni 186F ya dizeli, silinda moja, ya kupozwa kwa hewa. Wengi tunaijua kwenye pampu za bustani na mashine ndogo za kukoboa. Yangu niliinunua Magu ikiwa imeshavuta sana maji ya ziwa kwenye nyanya za watu. Inatoa nguvu ya farasi kama 10 kwenye mizunguko 3,600 kwa dakika, na ina uzito unaokaribia kilo 50, kwa hiyo fremu tuliiongezea vyuma kabla ya kitu kingine chochote. Breki za mbele nazo nilibadilisha. Usiziache zile za zamani.

Gia hakuna. Nimeweka puli mbili zinazobana na kuachia mkanda zenyewe, kama za skuta, kisha shafti ya katikati na cheni mpaka nyuma. Spoketi ya mbele ilikuwa na meno 10, ya nyuma 72.

Safari ya kwanza, Buhongwa hadi Usagara hapa Mwanza, simu ilisoma kilomita 58 kwa saa na haikusogea hata nilipomaliza resi. Nguvu nilikuwa naisikia ipo, chombo tu hakiendi. Kila niliyemuuliza aliniambia nilegeze skrubu ya gavana, kile kifaa kinachozuia injini isipite kasi iliyopangiwa. Nikalegeza. Nilifika 64, nikafurahi kama dakika nne hivi, halafu kichwa cha injini kikaanza kugonga. Tulipofungua kifuniko cha valvu tukakuta pushirodi, ile fimbo inayosukuma valvu, imepinda kama msumari uliopigwa upande. Injini hizi zimeundwa kufanya kazi mpaka 3,600; ukiilazimisha zaidi, springi za valvu zinashindwa kurudi kwa wakati, na konrodi, mkono unaoshika pistoni, nayo inabeba mzigo ambao haikupimiwa.

Mzee aliyenikerezea shafti pale Mabatini aliishika ile pushirodi, akaitazama, akasema: "Mwanangu, umewahi kuona mwenye mashine ya kusaga anaongeza kasi kwa kufungua gavana? Anabadilisha puli."

Basi nikakaa chini na hesabu. Nilichora alama ya chaki kwenye tairi la nyuma, nikalisukuma sakafuni mpaka alama ikarudi chini: mita 1.9. Mkanda ukifika mwisho, puli inayoendeshwa inazunguka haraka kidogo kuliko injini, uwiano wa 0.9, yaani injini ikizunguka mara 0.9 puli hiyo inazunguka mara moja. Injini ikiwa kwenye 3,600, kwa meno 10 na 72, tairi linazunguka mara 555 hivi kwa dakika, yaani kilomita 63 kwa saa hata injini ingekuwa na nguvu ya lori. Ukiweka 12 mbele, hesabu inapanda hadi 76.

Nikarudisha skrubu mahali pake, nikafunga 12. Alfajiri, barabara ya Usagara kwenda Kigongo, nilipima kwenda na kurudi ili upepo wa ziwani usinidanganye: wastani 71. Bei ya spoketi moja! Royal Enfield ya India iliwahi kuuza pikipiki ya dizeli ya kiwandani, Taurus, na kasi yake ya mwisho ilikuwa kama 65.

Nilijaribu na meno 13. Hesabu inasema 82, lakini kwenye tambarare ilinipa 73 na kila kilima mkanda ulikuwa unarudi chini, kama mtu anayeshusha gia. Hapo nguvu ndiyo imeisha. Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo ya kuisukumia hewa inapoteza karibu sehemu ya kumi ya nguvu yake kwa hewa nyepesi. Kuongeza dizeli pale ni kuongeza moshi mweusi tu. Nilirudi kwenye 12.

Ulaji wa mafuta unaniridhisha sana: nikienda taratibu, lita moja inanifikisha kilomita 45 au zaidi. Mtetemo ndio kero. Kila Jumapili nazunguka na spana kukaza nati, na taa ya mbele imeshakufa mara mbili, mpaka nilipoweka raba nene chini ya injini. Weka pia kamba ya kuzima dizeli karibu na mkono wa kushoto. Injini hii haina plagi, ukizima swichi inaendelea kunguruma.

Mkanda wa kwanza ulidumu miezi mitatu, ukaanza kuachia nyuzi pembeni. Wa pili uko mwezi wa tano sasa, na wa akiba naubeba chini ya kiti.