RAW ama JPEG? Angalia uso wa bibi arusi chini ya turubai la bluu

Jambo wote, karibuni tena. Leo sina kamera mpya wala lenzi mpya. Leo nina mstari mmoja tu wa menyu, ule unaogombanisha wapiga picha wa hapa Goma kila siku ya arusi: tupige RAW ama tupige JPEG? Nimechoka kusoma maoni yenu, wandugu. Mmoja anaandika "fundi wa kweli anapiga RAW tu", mwingine anamjibu "RAW ni ya kujaza kadi bure", na hakuna hata mmoja anayeweka picha tukaona. Basi leo tunaweka picha. Msikimbie, maana sehemu yenyewe iko mbele kidogo tu.

Mambo ya megapikseli nayaruka, mnayajua. Kamera niliyotumia ni ya megapikseli 24, ya kawaida, kama mnazoziona shingoni mwa wapiga picha wengi wa mjini.

Kwa wageni wa chaneli, mbio mbio. Sensa, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga, yenyewe haijui rangi, inapima mwanga tu. Kila pikseli, yaani kila kidoti cha picha, imefunikwa na kichujio kidogo cha rangi moja: nusu ni kijani, robo nyekundu, robo bluu. Mpango huo ni wa Bryce Bayer wa Kodak, hati miliki yake ni ya 1976, na mpaka leo kamera nyingi zinautumia. RAW ni vipimo hivyo vyenyewe, kamera imevihifadhi bila kukuamulia rangi. JPEG ni vipimo hivyo hivyo baada ya kamera kuamua kila kitu: rangi, ukali, kivuli. Kisha inavishusha hadi biti 8, yaani ngazi 256 tu kwa kila rangi, inakata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8, na kutupa yale ambayo jicho haliyashiki upesi. JPEG inafanya kazi hiyo tangu 1992 na inaifanya vizuri, siidharau hata kidogo. Lakini bugali ukishausonga, hauwezi kurudi kuwa unga.

Sasa njooni. Hii ndiyo sehemu niliyotaka.

Arusi ilikuwa Himbi, kwenye ua, jua la saa saba. Mvua ilikuwa inatishia, familia ikafunga turubai la bluu juu ya meza ya maarusi. Mnalijua turubai hilo, hakuna mtaa wa Goma usiokuwa nalo. Jua likipita juu yake, kila kitu chini kinageuka bluu: kitambaa cha meza, maua, chupa, na uso wa bibi arusi. Mwenyewe ameniruhusu nionyeshe picha hizi, aksanti sana dada.

Niliweka kamera ipige zote mbili kwa pamoja, RAW na JPEG. Kwa hiyo hizi ni picha mbili za kubonyeza mara moja: sekunde ile ile, tabasamu lile lile. Kushoto kwenu JPEG, kulia RAW. Nimezifungua ndani ya darktable, programu ya bure, nitawaambia habari zake baadaye.

Kwa sasa zote mbili ni mbaya, sawa? Uso una rangi ya majivu, midomo imekuwa zambarau. Naanza na JPEG. Navuta mizani ya rangi, ile WB, kutoka kwenye bluu kwenda kwenye joto. Angalieni shavu. Navuta kidogo… bado majivu. Navuta tena… haya, sasa paji la uso limekuwa la chungwa, lakini chini ya kidevu bado ni bluu. Nikivuta zaidi ili kidevu kipone, paji linaungua. Rangi mbili kwenye uso mmoja, na katikati yake kuna mpaka kabisa, kama ramani.

Sasa nakaribia, asilimia 200. Twende pembeni ya sikio, pale hereni inapogusa shingo. Mnaona vile visanduku? Hivyo si alama za ngozi. Hivyo ni vile vipande vya JPEG nilivyowaambia. Vilikuwepo tangu mwanzo, ila vilikuwa vimejificha. Chini ya turubai la bluu, rangi nyekundu ilifika kidogo sana kwenye sensa. JPEG ilikuwa na ngazi 256 tu kwa kila rangi, na nyekundu ikabanwa kwenye ngazi chache za chini. Ninapoilazimisha ipande, ngazi zinaachana, na nafasi kati yao inaonekana kwa macho. Na ngozi yetu, wandugu, ngozi nyeusi inaishi kwenye nyekundu na kahawia. Ukipoteza nyekundu, umepoteza mtu.

Haya, kulia. RAW. Mizani ile ile, kiasi kile kile. Navuta… tazameni shavu linavyorudi. Navuta tena… midomo imekuwa midomo. Nakwenda pembeni ya sikio, asilimia 200, hereni ile ile. Hakuna kisanduku. Kuna chembe chembe kidogo, ndiyo, hiyo ni kelele ya sensa kwa sababu mwanga mwekundu ulikuwa mdogo, lakini chembe zinavumilika, hata kwenye picha ya ukutani hutaziona. RAW ya kamera hii ni biti 14, yaani ngazi 16,384 kwa kila pikseli. Na mizani ya rangi ndani ya RAW ni maandishi tu yaliyobandikwa kwenye faili, hayajagusa vipimo. Unaweza kuyabadilisha leo, mwaka kesho, watoto wao wakiwa wakubwa.

Ngoja niirudie, maana najua kuna anayesema nimebahatika. Picha nyingine, bwana arusi, suti nyeusi, nyuma yake ukuta wa mawe ya volkano. Mnajua mawe yetu, meusi tii. Kwenye JPEG suti na ukuta vimeshikana, ni giza moja. Nanyanyua vivuli: giza linakuwa kijivu chenye madoa. Kwenye RAW nanyanyua vivuli: haya, mkunjo wa koti, kifungo, na yale matundu madogo ya jiwe yanatokea moja moja. Hii ndiyo inanifanya nipende RAW. Mji wetu umejengwa juu ya mawe meusi, na arusi zetu zina gauni jeupe. Hakuna kazi ngumu kwa kamera kushinda hiyo.

Ila msinielewe vibaya kuhusu gauni. RAW haifufui kilichokufa. Kama ulifungua mwanga mpaka sensa ikajaa, kitambaa kile kimekwenda, hata RAW itakupa weupe mtupu. RAW inakupa nafasi kidogo zaidi ya JPEG upande wa mwangaza, basi. Na hapa kuna jambo wengi hawaambiwi: picha unayoiona nyuma ya kamera, hata ukipiga RAW, ni JPEG ndogo iliyofichwa ndani ya faili. Histogramu, ule mchoro wa kuonyesha picha ina giza na mwangaza kiasi gani, pia inatoka kwenye JPEG hiyo. Kwa hiyo inaweza kukuambia gauni limeungua wakati kwenye RAW bado liko. Mimi naweka mtindo wa picha kuwa ule wa kawaida kabisa, bila kukoleza rangi wala utofauti, ili kioo kinikaribishe na ukweli.

Na msipige giza mkitumaini RAW itaokoa. Ngazi za RAW zimepangwa kufuata mwanga wenyewe, nusu yake yote iko kwenye stopu moja ya juu kabisa, na stopu ni hatua moja ya kuongeza mwanga mara mbili. Ukibana picha chini, unatupa ngazi zilizo nyingi. Piga yenye mwanga, chunga tu gauni lisiungue.

Na jioni kwenye ukumbi, zile taa za LED za zambarau za DJ? Hapo RAW haitakusaidia. Taa ile inatoa rangi moja mbili tu. Rangi nyingine za ngozi hazikuwepo kabisa, sasa utazivuta kutoka wapi? Tumia flashi, ama geuza picha iwe nyeusi na nyeupe, utoke salama.

Kabla ya kuendelea, habari za chaneli. Wengi mmeuliza darktable kwa Kiswahili. Nitafanya, kuanzia kufungua faili mpaka kutoa JPEG ya labo, kule wanakochapa picha. Inaanza Jumamosi. Ni programu ya bure kabisa, inaingia kwenye Windows, Mac na Linux, na haidai kulipa kila mwezi. Lightroom ni nzuri, sikatai, lakini inataka malipo ya kila mwezi, na malipo yenyewe yanataka kadi ya benki inayopita kwenye intaneti. Wenye Canon na Nikon, kampuni zenyewe zinatoa programu za bure za kufungua RAW zao: Digital Photo Professional kwa Canon, NX Studio kwa Nikon. Mtu asikuuzie programu ya kuiba pale sokoni yenye virusi ndani wakati za bure zipo.

Sasa bei. Hapa naona sura za wengine zimeanza kukunjamana, na mna haki. RAW moja ya kamera hii ni kama MB 25 hadi 30. JPEG nzuri ni MB 6 hadi 10. Arusi ya hapa si saa mbili: kuna kwa serikali, kuna kanisa, kuna picha za ziwani, kuna sherehe ya jioni. Kadi zinajaa, diski inajaa, kompyuta dhaifu inaanza kulia, na umeme ukikatika katikati ya kazi ni wewe na mteja. Kama mteja anakulipa franga za picha chache za ubatizo, na anazitaka kabla ya misa nyingine, piga JPEG, weka mizani ya rangi vizuri kabla hujabonyeza, peleka labo, kula jasho lako. Labo yenyewe inapokea JPEG. Picha za pasi, picha za kitambulisho, mechi ya mpira, JPEG inatosha kabisa. Kwenye mpira mimi mwenyewe napiga JPEG, kwa sababu ukishikilia kitufe kwa RAW kamera ya bei ndogo inajaa pumzi baada ya picha chache, inasimama kuandika kwenye kadi, na goli linaingia bila wewe.

Nilianza video hii nikitaka kuwashawishi mpige RAW tu. Kadiri ninavyoongea naona aibu hiyo tunayotiana ndiyo mbaya zaidi kuliko JPEG yenyewe. Nyinyi vijana mnaouzia vyombo vya habari vya nje, sikilizeni hili: mwezi wa Novemba 2015 Reuters iliwaambia wapiga picha wake wa kujitegemea wasitume tena JPEG zilizotengenezwa kutoka RAW. Walitaka JPEG iliyotoka kamerani moja kwa moja. Sababu ni mbili, haraka na ukweli wa picha. Kwa hiyo shirika kubwa la habari lilichagua JPEG, na bado kuna mtu kwenye maoni anawaita wapiga JPEG watoto wa shule. Wakati huo huo mashindano ya World Press Photo yanaomba faili za asili kutoka kamerani ili wahakiki kwamba picha haikuchezewa. Kila mlango una ufunguo wake.

Wenye Fujifilm najua mnasubiri niwataje. Haya. JPEG za Fuji zina rangi tamu, ile mitindo ya rangi ya Classic Chrome na Provia, wengi wanapiga hizo na hawagusi tena. Nakubali. Lakini leteni Fuji hiyo chini ya turubai la bluu, halafu tuongee.

Na wenye simu. iPhone za Pro zina ProRAW, yaani RAW ya Apple wenyewe, na kwenye zile za megapikseli 48 picha moja inafika kama MB 75. MB 75! Halafu unaituma kwa WhatsApp kama picha, WhatsApp inaibana, mteja anapokea kitu kidogo kushinda JPEG ya kawaida. Ukitaka kutuma picha nzima kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Hilo peke yake litabadilisha maisha ya wengi humu. Na kumbukeni: kukopi JPEG hakuiharibu, ikopi hata mara elfu. Kinachoiharibu ni kuifungua, kuibadilisha, na kuihifadhi upya kila mara.

Basi mimi nafanya hivi, mwone kwenye kioo. Menyu, ubora wa picha, RAW pamoja na L, ile JPEG kubwa. OK. Zote mbili. JPEG naitoa jioni hiyo hiyo, mama wa bibi arusi anaweka picha kwenye status na roho yake inatulia. RAW nazifungua kwa zile picha chache zenye uzito tu: maarusi, wazazi, kukata keki, na wote waliokaa chini ya turubai. Albamu ikishatoka, RAW za picha zilizochaguliwa nazihifadhi kwenye diski mbili, moja haikai nyumba moja na nyingine. Zile nyingine nafuta.

Kwa kadi: kwa RAW tafuteni kadi yenye kasi ya kuandika, si ya kusoma. Namba kubwa iliyochapwa mbele mara nyingi ni ya kusoma. Angalieni alama ya V30 ama zaidi. Na kadi ya bei ya kutupa inayouzwa bila pakiti, muipime kwanza kwa kuijaza yote na kufungua faili, kabla hujaipeleka kwa arusi ya mtu.

Kama una picha ya turubai, ya rangi yoyote, niandikie hapo chini uliipiga RAW ama JPEG, nitachagua moja tuifanyie kazi pamoja kwenye somo la darktable. Nasikia kuna mitaa imehamia kwenye turubai za kijani, na kijani kwenye ngozi ni vita nyingine kabisa. Aksanti, tuonane Jumamosi.