Foraji yangu: nililipa mita 60, mita 9 ziko wapi?

Naandika hii nikiwa na hasira bado, mtanisamehe. Siku hizi hapa Lubumbashi kila mtu anataka foraji, lile shimo refu la kuchimba mayi, kwenye parseli (kiwanja) yake na najua kuna mwingine atakutana na shefu wa wachimbaji kama huyu wangu.

Niko upande wa Kasapa, nina karestora kadogo mbele ya nyumba. Miaka na miaka nalipa vijana wa pusupusu waniletee mayi na bidoni, maana bukari (ugali) ni mayi, kuosha sahani ni mayi, wateja kunawa mikono ni mayi. Nikaweka pesa kidogo kidogo, pesa yangu mimi mwenyewe, mvua ilipokuwa karibu kuisha nikaita watu wa foraji.

Wanalipisha kwa mita, ndo maana nilihesabu. Tije moja, kile chuma kirefu cha kuchimbia cha mashine yao, ina mita 3, shefu mwenyewe aliniambia asubuhi kabla hawajaanza. Basi nikakaa pembeni ya jiko, kila tije ikiingia yote nachora mstari ukutani na kipande cha makala (makaa) ya jiko. Kwanza ukatoka udongo mwekundu, ukaja wa kijivu, halafu vipande vya jiwe, halafu mayi ikaanza kuruka na povu, watoto wa jirani wakapiga kelele na mimi nikapiga vigelegele. Jioni mistari ilikuwa 17. Faktura ikaja: mita 60.

Nikamwambia, papa, 17 mara 3 ni 51, hizi 9 zimetoka wapi? Hakugeuka hata kuangalia ukuta. Akasema, tena wateja wangu wako pale wanakula, "Mama, hii ni mambo ya ufundi, bwana yako akirudi nitaongea naye." Bwana yangu! Yuko Kolwezi kazini na hakutoa hata faranga moja kwa hii foraji. Nilimpigia simu palepale, nikaweka sauti wote wasikie, akamwambia shefu, "Ongea na mwenye pesa, ndo yeye uko naye hapo." Shefu akakaa kimya, kisha akasema pompe haishuki kwenye shimo bila pesa kamili. Pompe iko bado ndani ya gari yao, shimo liko wazi katikati ya parseli yangu, ningefanya nini? Nikalipa 60.

Sasa niseme na ukweli mwingine. Vijana wake walifanya kazi nzuri. Walikataa kuchimba pale nilipotaka kwa sababu shimo la choo la jirani liko karibu, wakasogea mbali, wakamwaga changarawe kuzunguka tuyo (bomba) ndani ya shimo, juu wakaziba na simenti kabisa, mayi ya nje haiingii. Na mayi yenyewe ilikuwa nzuri, haina harufu, haina rangi. Kama ningeandika mwezi ule ningewasifu na ningewapa namba yao kila mtu.

Lakini kiangazi kikaja. Mwezi wa tisa hivi robineti ikaanza kukohoa, inatoa upepo, inatoa mayi kidogo, inatoa upepo tena. Napiga simu kwa shefu hashiki, akishika anasema yuko shantye, kazini. Nikaita fundi mwingine, muzee mmoja mpole sana, akatoa pompe, akashusha kamba yenye kajiwe ka kuvuta chini, akaipima mbele yangu. Chini kabisa: mita 50 na kidogo, matope kidogo yamekaa pale. Mistari yangu ya makala ilisema kweli! Muzee akanielezea, mayi ikitulia inapanda vizuri, ila tukiwasha pompe inashuka haraka mpaka kwenye pompe yenyewe, na hakuna nafasi ya kushusha pompe chini zaidi. Akaniuliza kama walivuta mayi na pompe masaa mengi wakipima mayi inashuka kiasi gani kabla ya kuchagua pa kuweka pompe. Waliwasha kama nusu saa tu, wakanawa mikono, wakaenda. Akasema pompe ikizunguka bila mayi inaungua, nina bahati.

Yani zile mita 9 aliniibia ndo zile zile nazihitaji. Hapo ndo damu inapanda. Si pesa peke yake, ni kwamba niliuliza na adabu, na nilikuwa na haki, akaniambia nisubiri bwana.

Nilianza kuandika nikitaka kusema wachimbaji wazuri, shefu mbaya. Hapana. Wale vijana walihesabu tije kama mimi na hakuna hata mmoja alifungua mdomo. Msiwaite.

Juzi shefu amepiga simu mwenyewe, nadhani alisikia nimeita mtu kupima. Anasema atakuja kushusha shimo, nilipe mafuta ya mashine tu. Nimemwambia hata mafuta silipi, na tije ya kwanza haiingii kabla hajakuja mpaka kwenye ukuta wa jiko kuhesabu ile mistari na mdomo wake, wateja wakisikia.