Chai ya majani ya Mwanjelwa kwa wenye kifua sugu

Wakuu, kwa mlioniuliza ile chai ya mitishamba ya soko la Mwanjelwa, mfuko wa karatasi elfu tano, ndo hii sasa. Bi mkubwa ana COPD, ule ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa, miaka na miaka ya kupikia kuni jiko la ndani, na baridi ya Mbeya ya Julai mnaijua wenyewe, asubuhi anakohoa mpaka anashika ukuta.

Ndani kuna mchaichai, tangawizi kavu, mdalasini na majani ya mkaratusi kidogo, ukimwagia maji ya moto harufu inajaa nyumba nzima. Anakunywa na asali, kohozi linalainika linatoka bila kugombana nalo, kifua kinakuwa chepesi kwa muda na usingizi anapata. Hapo naipa maksi zake. Ila tangawizi wameijaza mno, mwenye vidonda vya tumbo ataiona.

Sasa ile lebo ya "inaponya mapafu kabisa" hapana jamani, na muuzaji alivyoanza kumwambia mama aache pampu yake ya kuvuta dawa nikamkatisha hapohapo. Mapafu yakishaharibika kwa COPD hayarudi kama zamani, chai inatuliza tu, pumzi ikibana ni salbutamol, dawa ya kwenye pampu, ndo inafungua njia. Na mafuta ya mkaratusi msikubali kuambiwa myanywe, yale ni sumu.

Mfuko wenyewe haufungi vizuri, hamishia kwenye chupa yenye mfuniko la sivyo majani yanaota ukungu, na ukungu kwa mgonjwa wa kifua ni balaa lingine. Nitanunua tena, ukibembeleza elfu nne anaachia.